Kikapu cha Alhamisi: jinsi kutoa kwa pamoja kulivyowabadilisha majirani zetu wa Biryogo, Kigali

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari za mchana.

Humu ndani mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila juzi kijana mmoja aliuliza kama vikundi vya kuchangia wahitaji vina maana yoyote, au ni watu tu kutafuta sifa. Nikaanza kumjibu palepale, jibu likawa refu, nikaona nilifungulie uzi wake.

Nitakayoandika mengi niliyaona mwenyewe. Pale nilipohadithiwa, nitasema nimehadithiwa.

Mimi ni mama, mzaliwa wa Ujiji. Mwaka wa tisini nilikuwa msichana fundi cherehani, nikapelekwa Kigali kwa shangazi yangu Mwajuma, mtaa wa Biryogo. Babu zake walifika kule na misafara ya biashara enzi za Mjerumani, wakaoa, wakazika, wakawa watu wa kule.

Niwaambie kitu kuhusu Kigali ya wakati ule. Asubuhi ukungu unajaa mabondeni, vilima vinabaki vinaelea juu yake. Unasimama mlangoni na kikombe cha chai, unamsikia mtu anaimba huko chini, humuoni. Baadaye kidogo kichwa chake kinatokeza, halafu mabega, halafu baiskeli aliyokuwa anaisukuma. Mpaka leo nikikumbuka miaka ile, watu wananijia hivyohivyo, kichwa kwanza.

Kiswahili chao kilinichekesha. Kila kitu "iko". Mvua iko, njaa iko, mwalimu iko. Baada ya miezi michache na mimi nilikuwa iko.

Basi, shangazi na majirani zake walikuwa na kikapu.

Kikapu kikubwa cha kusuka, wenyewe waliita igitebo. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri kiliwekwa uani kwa shangazi, juu yake kitenge. Kila anayetaka alikuja na alichonacho chini ya kanga yake, akaingiza mkono chini ya kitenge, akaacha. Maharage, viazi vitamu, chumvi, kipande cha sabuni, nguo ya mtoto. Maharage ya kila nyumba yalichanganyikana mle ndani, mekundu na meusi na ya madoa, huwezi tena kuyatenganisha.

Kisha tulikaa mkekani kujadili: wiki hii kinaenda kwa nani? Waislamu na Wakristo, wote walikuwepo. Na sharti lilikuwa moja tu: hakuna kutuma. Ukitoa, unakwenda.

Mwanzoni niliona sharti hilo ni usumbufu. Lakini ndilo lililonifundisha mtaa. Kabla yake nilijua milango tu, huu wa bluu, ule wa bati. Baada ya muda nikajua nyuma ya mlango wa bluu kuna mzee asiyeona, na nyuma ya ule wa bati kuna mama anayejifungua watoto hawakai. Ukishajua, huwezi kupita hivihivi. Unajikuta unagonga tu, hata siku isiyo Alhamisi.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya baraza nililoshonea, lilikuwa duka la Mzee Rajabu. Mchele, sabuni, mafuta ya mawese, vitambaa.

Huyu mzee alikuwa mkarimu, nisimsingizie. Kila Ijumaa baada ya sala watu walipanga foleni barazani kwake, yeye akakaa kwenye kiti na gunia la mchele miguuni, akampimia kila mmoja mkononi. Alipenda lile jambo. Ungemuona uso wake ungejua kuwa ndiyo saa yake nzuri kuliko zote za wiki.

Shangazi alimwambia mara kwa mara, "Mzee Rajabu, leta huku kikapuni."

"Mwajuma, mimi nataka kuona mkono unaopokea. Nikitia kwenye kikapu chako nitajuaje kimefika?"

"Njoo twende wote, utaona."

"Mimi nifunge duka nibebe kikapu? Acha bwana." Na alicheka kweli, kicheko cha mtu aliyeshiba.

Sasa sikilizeni.

Oktoba ile vita vilianza kaskazini. Siku chache baadaye wanajeshi wakapita mitaani wakikamata watu. Neno lililokuwa midomoni ni icyitso, yaani msaliti anayewasaidia adui. Ushahidi haukuhitajika. Wengi waliokamatwa kosa lao lilikuwa ni kuzaliwa Watutsi.

Jirani yetu Deo alichukuliwa asubuhi akiwa anafunga tai. Alikuwa karani wa ofisi moja kule Kiyovu, mtu mpole, ukimsalimia anasimama kabisa ndipo aitikie. Mke wake, Consolata, alibaki mlangoni na koti la mumewe mkononi. Alitaka kumpa, gari likaondoka.

Kuanzia siku hiyo nyumba ile ikawa kama haipo. Watu walivuka barabara kabla ya kuifikia. Watoto waliitwa ndani. Hakuna aliyeagiza hivyo, ilitokea tu, kama ukungu unavyoingia.

Alhamisi iliyofuata tulikaa mkekani. Shangazi akasema, "Consolata ana watoto na hana anayemletea kitu."

Kila mmoja akaanza kuchezea ncha ya kanga yake.

Mama Shabani, ambaye kwa kawaida ndiye msemaji wetu, akasema taratibu, "Mwajuma, tukiingia pale leo, kesho wanatuita sisi. Mimi nina mume."

Hakuna aliyemlaumu. Hata shangazi hakumlaumu. Kikapu kikaenda kwa mama mmoja mjane wa mtaa wa juu, na tulipopita mbele ya nyumba ya Consolata kila mtu aliangalia miguu yake.

Kesho yake ni Ijumaa. Niko barazani, mguu kwenye cherehani. Foleni ya Mzee Rajabu imejaa. Katikati kuna msichana amejitanda kanga mpaka machoni, amejifunika kama binti wa Kiislamu, lakini kanga aliifunga vibaya. Mimi ni mtu wa nguo, niliona. Alikuwa Josiane, binti mkubwa wa Consolata.

Alipofika mbele akanyoosha bakuli. Mzee Rajabu akachota mchele, akamimina, akamtazama. Kisha akasema, na kwa sauti yake ile kubwa ya dukani, bila ubaya wowote moyoni:

"We si mtoto wa Deo?"

Foleni yote iligeuka. Barabara iligeuka.

Josiane aliinama, akaliweka bakuli chini pamoja na mchele wake, polepole, kana kwamba linaweza kuvunjika. Akaondoka akitembea. Hakukimbia. Nadhani angekimbia ingekuwa rahisi zaidi kwetu sote.

Mzee Rajabu alibaki na kata mkononi. Aliyekuwa nyuma akasogea, akanyoosha mfuko, mzee hakumuona. Akasimama, akaingia ndani, akafunga milango ya duka na jua bado liko juu.

Alasiri akaja kwa shangazi. Alikataa kiti, akaketi kwenye ngazi.

"Mwajuma, nilitaka kuona mkono," akasema. "Leo nimeuona. Na nimeuonyesha mtaa mzima."

Shangazi akaichukua birika. Alimmiminia chai, akamwekea karibu.

"Yule baba yake," akaendelea, "ndiye aliyenisomea barua zote za Kifaransa nilizoletewa. Miaka yote. Hajawahi kuniambia mbele ya mtu kwamba sijui kusoma."

Akanywa chai ikiwa bado inachoma.

Alhamisi, mzee alikuwa wa kwanza kufika, na kifurushi chini ya kanzu kama wanawake walivyofanya. Akaingiza mkono chini ya kitenge, akaacha, akakaa mkekani. Kila mtu alikuwa anamtazama. Mwanaume tajiri kuliko wote mtaani, amekunja miguu kati ya akina mama, hajui aweke wapi mikono.

"Mimi ni mgeni hapa," akasema, "lakini naomba kusema. Akienda mmoja watamuuliza mmoja. Tukienda wote wataulizana na mtaa mzima. Na mtaa mzima hauingii kwenye gari lao."

Mama Shabani alianza kulia. Akasema anaogopa. Mzee akamwambia, "Na mimi naogopa. Twende tukiwa tunaogopa."

Wakuu, sina namna nzuri ya kueleza matembezi yale. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, udongo mwekundu unang'aa, mvuke unapanda kutoka kwenye mapaa. Shangazi mbele na kikapu kichwani, Mzee Rajabu kando yake na kanzu ameikunja asiichafue, sisi nyuma. Mama Shabani mwisho kabisa, lakini yupo. Nilijisikia kama siko mwilini mwangu, kama natazama kutoka kilima cha pili watu wadogo wakipanda taratibu kwenye mvuke.

Njiani tukakutana na konseye, yaani mkuu wa mtaa. Alikuwa na wenzake wawili watatu.

"Munaenda kwa nani?"

"Kwa jirani," shangazi akajibu.

"Jirani yupi?"

"Consolata."

Akafunua kitenge, akatazama ndani. "Nani ametoa hii maharage?"

"Hatujui."

"Hamujui?"

"Yamechanganyika, Konseye. Kila nyumba imo humo. Pengine na ya kwako, sisi hatuchunguzi."

Alitutazama mmoja mmoja, kuanzia mbele mpaka kwa Mama Shabani. Niliona anahesabu nyumba kichwani, na hesabu inamshinda. Jamaa zake walisubiri neno lake. Mwishowe alifunika kitenge, akasema, "Musikawie," akashuka zake.

Consolata alifungua mlango akatuona wote tumejaa uani. Uso wake ulikuwa umekwisha.

"Mumekuja kunitoa?" akauliza.

"Tumekuja kukaa," shangazi akasema.

Tukaingia, tukakaa. Ndivyo ilivyokuwa, tulikaa tu. Mmoja akawasha moto, mwingine akachambua maharage, mimi nikamvua mtoto mdogo shati nikalitia kifungo. Josiane alisimama pembeni. Mzee Rajabu hakumtazama hata mara moja. Alikaa kwenye kigoda kifupi, magoti yanamgusa kidevu, macho ameyaelekeza ukutani muda wote, na nilielewa kuwa ile ndiyo heshima aliyokuja kumletea.

Tulipoondoka Consolata alimshika shangazi mikono miwili. "Murakoze," akasema, asanteni. "Murakoze cyane." Yaani, asanteni sana.

Baada ya hapo mambo yalibadilika kwa namna ambayo sikuitegemea.

Kwanza, kikapu kilizidi kuwa kizito. Hakuna aliyehimiza. Nadhani watu waliona kumbe inawezekana.

Pili, foleni ya Ijumaa ilikwisha yenyewe. Mzee Rajabu alianza kuwauliza watu wanakaa wapi, akawafuata. Akagundua kuwa mzee mmoja aliyempa mchele miaka na miaka alikuwa anaishi nyuma ya duka lake hilohilo, paa linavuja. Alikuja mkekani amekasirika kama ameibiwa. "Ukuta mmoja! Tunatenganishwa na ukuta mmoja!" Wanaume wa mtaa wakapanda, Mkatoliki anashika bati, Mwislamu anapiga msumari, wakamaliza kabla ya magharibi.

Mwaka uliofuata Deo akaachiwa. Alirudi amekonda, kucha za mkono mmoja hazipo. Alianza tena kusalimia watu kwa kusimama, ila sasa ilimchukua muda kuinuka.

Alhamisi moja Consolata akaja na fungu la dodo, mchicha wa shambani kwake nyuma ya nyumba. Mama mmoja akamwambia kwa upole, "Consolata, wewe pumzika kwanza. Wewe ni wa kupewa."

Consolata akaweka mkono kiunoni. "Mimi iko mtu wa huu mtaa ao siko?"

"Uko."

"Basi toa mkono yako kwenye kikapu, nitie mboga yangu."

Tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Kuanzia siku hiyo alikuwa mjumbe mkali kuliko wote. Maskini wa kujificha alimjua kabla hajasema.

Sasa niwapeleke mwaka tisini na tatu, halafu nitawaacha mpumzike.

Vita vilisukuma watu wengi kutoka kaskazini. Walikuja kwa miguu na mbuzi zao na milango ya nyumba zao wameing'oa wanaibeba, wakapiga kambi mbele ya Gatsata, barabara inayotoka Nyabugogo kwenda juu. Waliwakimbia wapiganaji ambao wengi wao ni Watutsi waliokulia uhamishoni. Kwa hiyo kambini kulikuwa na chuki, na chuki hiyo haikubagua kati ya mpiganaji na Mtutsi yeyote wa mjini.

Mkekani mjadala ulikuwa mgumu. Wengine walisema kule ni mbali, si mtaa wetu. Wengine walimtazama Consolata kwa jicho la pembeni, wakanyamaza kwa ajili yake.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa jibu.

"Mimi siwezi kwenda kule. Munajua. Lakini sufuria yangu inaweza. Ni ile kubwa ya harusi. Wachukue, wapikie watoto uji."

Deo, ambaye hakuwa msemaji, akaongeza tu, "Iende."

Mzee Rajabu akalipakia sufuria hilo kwenye pikapu yake mwenyewe, amelifunga na kamba kama mgonjwa.

Tulifika asubuhi. Moshi wa kambi ulichanganyika na ukungu, na humo ndani vibanda vya majani na turubai vilionekana na kupotea, vilionekana na kupotea. Sauti za watoto zilitoka pande zote, huoni mtoto. Tukawasha moto. Uji wa mtama ulipoanza kunukia, ndipo walipotokeza, kichwa kimoja kimoja.

Mzee Rajabu aliketi chini kabisa, kwenye udongo, anagawa. Bibi mmoja aliyekunywa akamaliza akaligonga sufuria kwa ukucha, likalia vizuri. Akauliza ni la nani, zuri hivi.

Mzee akamjibu kwa Kinyarwanda, nami nikaelewa, "Ni la jirani yangu. Amekusalimu."

Bibi akasema, naye umsalimie.

Tulipomfikishia Consolata salamu hiyo alikuwa anaosha watoto. Alisema "yego," ndiyo, akaendelea kuosha. Lakini niliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mwishoni mwa mwaka ule mama yangu akaugua, nikarudi Ujiji. Nilidhani ni kwa muda mfupi.

Aprili ya tisini na nne tukaanza kusikia redioni. Wakuu, mnajua kilichotokea. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mimi sitayasimulia, sikuwepo, na waliokuwepo wana haki ya kunyamaza au kusema wenyewe. Mimi nilikaa Ujiji na redio sikioni, nikitaja majina.

Nilirudi Biryogo mwaka uliofuata. Hapa ndipo pa kuhadithiwa.

Deo aliuawa siku za mwanzo, barabarani, akitoka kutafuta maji. Mzee Rajabu alipigwa vibaya kwa kukataa kufungua stoo yake, akafariki baadaye kwa majeraha yale. Nyuma ya magunia walikuwemo Josiane na wadogo zake, hawakuonekana. Consolata mwenyewe alikuwa kwenye dari ya shangazi, kisha kwa Mama Shabani, kwenye uvungu wa kitanda, mumewe Mama Shabani akijifanya mgonjwa juu yake. Kisha nyumba nyingine, na nyingine.

Nisiwadanganye kwamba wote tuliokaa mkekani tulikuwa hivyo. Mmoja alifunga mlango wake na hakuufungua. Mwingine, inasemekana, alionekana na vitu vya watu. Kikapu si dawa ya kila moyo.

Lakini nilimuuliza shangazi swali lililokuwa linanikereketa. "Mlikutana saa ngapi? Nani aliamua huyu akae kwa nani, akitoka hapa aende wapi?"

Alikuwa anapepeta mchele. Alinitazama kama nimeuliza jua linachomoza upande gani.

"Tukutane wapi, mwanangu, na barabara zimejaa watu wenye mapanga? Hakuna aliyeamua. Aligonga, nikafungua. Ilipobidi aondoke, nilijua Mama Shabani atafungua."

"Ulijuaje?"

"Nimekaa naye mkekani miaka yote ile," akasema. "Namjua anavyoogopa."

Consolata yuko hai. Ana mgahawa mdogo Gisimenti, nilikula kwake mara ya mwisho nilipokwenda, akakataa kabisa nilipe. Josiane ni nesi. Hatukuzungumza sana mambo ya zamani, tulizungumza juu ya magoti yetu.

Kwa hiyo, kijana uliyeuliza, jibu langu ndilo hilo. Kutoa peke yako ni kuzuri, usiache. Ila kutoa na wenzako kunakufanyia wewe mtoaji kitu ambacho hukijui kinafanyika. Mnakaa, mnabishana nani apewe, mnakwenda kwa miguu, mnarudi mmechoka, na bila kujua mnajifunza nani ni nani. Siku hizi naona magrupu ya michango kwenye simu, mtu anatuma, jina linapanda, anapigiwa makofi ya vikatuni, yamekwisha. Si vibaya. Lakini mlango wa mtu hajauona.

Kama kuna kikundi, msikiti, kanisa, au majirani wa ghorofa mnaochangia pamoja, nendeni wote, hata mara moja, mkakae. Halafu njoo hapa utuambie ulijua nini kuhusu jirani yako ambacho hukukijua.

Wenye swali niulizeni. Wenye kuona nimekosea mahali, hasa ndugu zetu wa Rwanda, nisahihisheni bila kuona haya. Nawajibu polepole, macho yangu na herufi ndogo siku hizi havielewani.